Mpishi wa Vanishi wa Ziwani

Alikuwa akipika huku amevaa tai. Haikuwa tai ya sherehe. Ilikuwa ya kahawia, imechoka, na ncha yake aliichomeka ndani ya shati, chini ya kifungo cha pili, isije ikaingia kwenye sufuria. Mtu aliyefika nyuma ya nyumba yake kule mtaa wa Ziwani, Nairobi, kwa mara ya kwanza alidhani amemkuta karani mstaafu akichemsha githeri. Kisha angesogea, angechungulia, na angeona mafuta mazito ya rangi ya asali yakitoa moshi mwembamba wa kukereketa koo. Hapo angerudi nyuma akitafuta namna ya kuuliza bila kuonekana mshamba.

"Ni vanishi," angeambiwa. "Usiguse, usionje, usipige chafya."

Sote tulimwita Mpishi, na sidhani kuna aliyejisumbua kutafuta jina jingine. Kwa miaka mingi alikuwa mtu wa matangi ya moto katika kiwanda cha rangi. Kiwanda kilipofungwa, aliichukua kazi ile akaipunguza mpaka ikatosha kwenye jiko la makaa. Alinunua mafuta ya mbarika na kuyapika pamoja na udongo mweupe uliotiwa asidi, mpaka yabadilike tabia. Mafuta ambayo yangebaki yakiteleza juu ya ubao miaka nenda miaka rudi yaligeuka kitu kinachokauka na kuwa ngozi ngumu inayong'aa. Wachongaji wa vinyago waliokuwa na vibanda hapo karibu hawakutaka kupaka kitu kingine.

Mimi si mchongaji. Naishi mtaa wa Mowlem, nakarabati samani za watu, na kila ninachokijua nimejifunza kwenye simu. Maana yake ni kwamba najua mambo mengi sana na sina uhakika na hata moja. Niliwahi kupiga meza ya mteja msasa, nikitafuta ulaini ambao nilikuwa nimeuona kwenye video, mpaka ngozi nzuri ya mbao ikaisha na plaiwudi ya ndani ikanichekea. Mteja alisema meza yake imepata upara. Vanishi nilizonunua dukani nazo ziliniaibisha: zilibabuka, au zikafanya ukungu mweupe siku ya mvua. Ndipo mtu akanielekeza kwa mzee wa tai.

Niseme mapema nilikuwa nikitafuta nini kwake, kwa sababu ningependa mno kujifanya kwamba nilivutwa na hekima. Nilitaka sufuria. Ilikuwa ya chuma kizito, yenye mfuniko unaokaa barabara, na hakuna karakana mtaani ambayo ingenitengenezea mfano wake. Lakini hasa nilitaka kile kilichokuwa kinakwenda pamoja nayo, yaani kuwa mtu ambaye wachongaji wanamletea mikebe. Macho ya Mpishi yalikuwa yameanza kufunga ukungu, na mkewe alikuwa ametangulia nyumbani Ukambani, akimpigia simu kila Jumapili kumuuliza anangoja nini.

"Sufuria hii haiuzwi," aliniambia mwanzoni kabisa. "Nitamwachia mtu atakayeiepua yeye mwenyewe, kwa uamuzi wake, bila kuniangalia usoni. Siku hiyo nafunga mizigo. Asipopatikana, naenda nayo nyumbani ninyweshee ng'ombe."

Ilionekana rahisi. Kuepua sufuria, jamani! Mama yangu huepua sufuria kila siku na hakuna anayemwandikia makala.

Kuhusu ule udongo alikuwa na mahubiri yake. Aliushika kiganjani kama unga na kusema, "Huyu ni mchungaji. Bwana harusi na bibi harusi wako ndani ya mafuta. Wamekaa mtaa mmoja miaka yote, hawasalimiani. Mchungaji anaingia, anawafungisha ndoa, anatoka. Yeye haoi, haolewi, na keki hali. Anaenda harusi nyingine."

Nikamwambia kwa fahari kwamba kitaalamu hicho huitwa kichocheo, na kwamba harusi yenyewe huitwa upolimishaji. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya neno hilo njiani.

Akanitazama kwa huruma. "Wewe ukienda harusini unamwita mchungaji kichocheo?"

Lakini hakuwa mtu wa kushikilia fundisho lake likimletea taabu. Siku moja nilimkuta akimwaga udongo uliotumika, mweusi tititi kama masizi.

"Mzee, si ulisema anatoka jinsi alivyoingia?"

"Hata wachungaji huchoka, binti. Wewe umewahi kufungisha harusi Disemba nzima?"

Mambo mengine aliyoyaamini hayakuwa na miguu wala kichwa. Hakukubali kupika jirani akiwa anakaanga vitunguu. Alisema mafuta yanasikia wivu na kuharakisha. Hakupika akiwa amegombana na mtu. Aliposimulia jinsi alivyouzima moto kiwandani, mara ya kwanza aliuzima kwa gunia, mara ya pili kwa koti lake, na mara ya mwisho niliyoisikia aliuzima kwa koti la meneja, meneja mwenyewe akiwa bado amelivaa. Wachongaji walimwacha amalize, kisha mmoja akauliza kwa sauti ya unyenyekevu kama meneja alikauka vizuri.

Hakula chochote kilichokaangwa. Mandazi, chapati, chipsi, vyote alivisukuma pembeni. "Mafuta nayajua mno," alisema. "Ni kama kumla jamaa yako." Nilimheshimu sana kwa hilo, nami nikaacha mandazi kwa muda, nikijiona nimeingia katika utawa wa ufundi. Kisha asubuhi moja nilimfumania kando ya kibanda cha mama mmoja anayeuza viazi karai, mdomo umejaa, tai imetupwa begani isichafuke.

"Haya ni ya alizeti," alisema alipofaulu kumeza. "Alizeti hana tabia mbaya."

Kanisani aliimba sauti ya tatu kwenye kwaya, na kila wimbo aliumaliza kabla ya wenzake kwa nusu pumzi. Mwalimu wa kwaya alikuwa amekata tamaa naye. Nilisimama nje baada ya ibada nikasikia akimlalamikia, na Mpishi akimjibu bila aibu yoyote: "Si mimi ninayewahi, Mwalimu. Ni nyinyi mnaochelewa kuepua."

Hilo ndilo lilikuwa somo lake lote, na ndilo nililoshindwa.

Nieleze kidogo, kwa sababu aibu yangu haieleweki bila hili. Mafuta ya mbarika yanapopata moto pamoja na udongo ule, kwanza hutoa maji yaliyojificha ndani yake, na povu hupanda kama maziwa. Povu likishatulia, kazi ya pili huanza. Zile asidi za mafuta, ambazo ni minyororo mirefu, huanza kushikana: mbili kwa mbili, tatu kwa tatu. Kadiri zinavyoshikana ndivyo mafuta yanavyozidi kuwa mazito. Mpishi alipima kwa kudondoshea tone juu ya kioo, akaliacha lipoe, akaligusa kwa kidole na kukiinua. Uzi ukivutika mfupi, bado. Ukivutika kiasi cha ncha ya kidole, jiandae. Ukifika urefu wa kidole kizima, umeshachelewa kidogo, kwa sababu sufuria huendelea kupika kwa joto lake hata ikiwa mchangani. Na ukipitiliza, minyororo yote hushikana, sufuria nzima inakuwa kitu kimoja, ukoo mmoja usiopokea wageni. Hapo huna vanishi. Una mpira, nao hauyeyuki kwa machozi wala kwa tapentaini.

"Epua kabla hujaridhika," alinifundisha.

Sasa tafuta mitaa yote ya Eastlands mtu asiyefaa kupewa maagizo hayo kuliko mimi. Mimi sijawahi kuridhika. Ujumbe wa simu wa maneno manne nauandika upya mpaka niliyekuwa namwandikia ananipigia kuuliza kama nimefariki. Mara ya kwanza nilipoachiwa sufuria, niliuona uzi ukifika ncha ya kidole nikasema, naam, ni mzuri, lakini unaweza kuwa mzuri zaidi. Nikapima tena. Ulikuwa mzuri zaidi. Nikafurahi sana, nikataka kuona mwisho wa uzuri wenyewe. Nilipoingiza mwiko kukoroga, mwiko ulisimama peke yake.

Mpishi alikuja, akausukuma kidogo, nao ukarudi taratibu mahali pake. Aliyesema kitu ni mchongaji wa vifaru, jamaa mnene ambaye kibanda chake kiko mkabala na ukuta wa ua wa Mpishi, na ambaye hufika popote penye msiba wa kuchekesha.

"Niaje, madam! Hii ni vanishi ama ni ugali ya mafundi?"

"Niache."

"Siwezi kukuacha, mkono umekwama." Alikuwa kweli ameutia mkono. Aliuchomoa, akakata bonge kwa kisu, akaenda nalo. Alirudi kabla chai yangu haijapoa, ameleta kichwa cha mwanamke kilichochongwa kwenye ule mpira, nyusi zimekunjana, midomo imebanwa. "Ni wewe ukiangalia uzi," akasema, akakiweka juu ya ukuta ambapo kila mteja angekiona. Kilifanana na mimi kuliko picha ya kitambulisho.

Niliuliza kama Mpishi mwenyewe aliwahi kugandisha sufuria. Alisema kamwe. Lakini karibu na mlango wa nyuma palikuwa na kitu cha kuzuia mlango usipigwe na upepo, cha mviringo, cha kahawia, chenye umbo la sehemu ya chini ya sufuria. Nilikikwaruza kwa ukucha. Kikabonyea.

"Mzee, hili ni..."

"Ni jiwe."

"Linabonyea."

"Kuna mawe ya aina nyingi, binti."

Baada ya aibu ya kwanza nilifanya lile ambalo watu kama mimi hufanya: nilinunua chombo. Kilikuwa kipimajoto kirefu chenye waya. Nilimwambia Mpishi kwamba tatizo lilikuwa ukosefu wa vipimo na kwamba sasa tutafanya mambo kisayansi. Hakupinga. Alisema tu kwamba kiwandani navyo vilikuwepo, vikubwa kuliko hicho, na kwamba havikuwahi hata siku moja kunyoosha mkono vikaepua.

Siku hiyo niliitazama namba mpaka nikasahau kwamba chini yake kuna mafuta. Povu lilipanda, mimi nikawa nalinganisha namba yangu na ya kwenye simu. Likafurika, likashuka ubavuni, likagusa makaa. Moto ulipanda ukapita kimo changu. Nakumbuka nilisimama nikifikiria kwamba namba ilikuwa sahihi kabisa.

Mpishi alinisukuma kando kwa kiwiko, akafunika sufuria, akamwaga mchanga kuzunguka jiko, vyote bila haraka, kama mtu anayefunga madirisha mvua ikikaribia. Moto ukafa. Akanyoosha tai. "Leo tumepona," akasema, akaingia ndani. Nilimfuata kuomba radhi, nikamkuta ameketi kitandani na mikono yake miwili ameibana katikati ya magoti kwa sababu ilikuwa inatetemeka na haikutaka kuacha. Mzee wa koti la meneja. Hakujificha. Aliniambia, "Kaa," nikakaa, tukasikiliza redio ya jirani mpaka mikono ikatulia. Tangu hapo aliposimulia habari ya ule moto wa kiwandani sikucheka tena, ingawa nilikubali kwamba meneja pengine hakuwepo.

Alikuja Mowlem mara moja tu, kutazama kazi yangu. Nilikuwa na meza ya mama mmoja mwalimu ambayo ilikuwa imekaa kwangu muda mrefu hata yule mama akaacha kuiulizia na kuanza kuniulizia mimi, kama nakula, kama nalala. Nilikuwa naipaka, naipiga msasa, naipaka tena.

"Meza hii inaumwa nini?" Mpishi akauliza.

"Kuna alama hapa."

Aliinama na yale macho yake ya ukungu, asione kitu. Akapitisha kiganja polepole kutoka pembe hadi pembe. "Hapa wapi?"

Nikainama nimwonyeshe. Nikatafuta. Nikageuza taa. Nikapiga magoti, nikatazama kwa ubavu, huku yeye akingoja kwa adabu kama mtu aliyeambiwa chakula kiko njiani. Sikuiona. Naapa asubuhi ile ilikuwepo.

"Mpelekee mama wa watu meza yake," alisema, "kabla hajanunua mkeka."

Mara ya mwisho niliyopika mbele yake ni mwaka huu, Jumamosi mchana. Macho yalikuwa yamezidi; chai alijimiminia kwa kusikiliza. Mkewe alikuwa amebadilisha maneno: sasa alimwambia kwenye simu kwamba yeye haulizi tena, anapanga tu ni nani atalala upande wa ukutani. Mafuta mazuri yalibaki ya sufuria moja tu, na mchongaji wa vifaru alikuwa na kifaru mkubwa ambaye mteja wake angemchukua Jumatatu.

"Pika," Mpishi aliniambia. Akachukua kigoda, akakiweka, akaketi akinipa mgongo. Tai ilikuwa mahali pake. Sote wawili tulijua kwamba nikiigandisha hii, hapatakuwa na nyingine, na ng'ombe watapata chombo kizuri cha kunywea.

Povu lilipanda, nikalitazama lenyewe, nikapunguza makaa, likashuka. Rangi ikaiva. Nikadondoshea tone kwenye kioo, nikaligusa. Uzi mfupi. Nikangoja. Nikapima tena. Ncha ya kidole, au karibu sana na hapo.

"Mzee, uzi unakuja."

Nikaita tena.

"Mzee?"

Nikazunguka nimtazame. Alikuwa amelala. Kidevu kimeanguka kifuani, mdomo wazi, tai inapanda na kushuka. Mpaka leo anaapa kwamba alikuwa amelala kweli. Wachongaji wanasema hawajawahi kumwona amelala mchana. Mimi sijui, na siku hiyo haikunisaidia kitu.

Nikimwamsha, nimeshindwa. Nisipomwamsha, nitafanya nini? Nilirudi kwenye kioo. Uzi ulikuwa mzuri. Haukuwa wa kupendeza sana, ulikatika upande mmoja, na nilikuwa na hakika kwamba ungefaa zaidi kwa dakika moja tu nyingine. Dakika hiyo naifahamu. Nimekaa ndani yake maisha yangu yote. Ndani yake ndimo alimokuwa mama mwalimu akingoja meza, ndimo walimo watu wote ambao sijawajibu ujumbe.

Nikashika vishikio, nikaepua.

Sikuepua kwa madaha. Nilipiga kelele kidogo, nikajimwagia kiatuni, na sufuria ikakaa mchangani kwa upande. Kisha nikajibwaga chini, na mara tu makalio yangu yalipogusa ardhi, nikajua kabisa kwamba nimewahi. Nikapima. Nikapima tena. Nilikuwa nimewahi.

Mpishi alizinduka, akajinyoosha, akaja akipapasa ukuta. Alichovya mwiko, akaacha tone lipoe, akalisugua kati ya kidole na gumba, akauvuta uzi karibu na jicho lake lenye nafuu.

"Nyepesi," akasema. "Mimi ningengoja kidogo."

Niliruka kushika vishikio niirudishe. Makaa yalikuwa bado mekundu. Wakati huohuo kichwa cha mchongaji wa vifaru kikatokeza juu ya ukuta, mkono umeshika mkebe.

"Madam! Imeiva ama bado inasoma?"

Nikamtazama Mpishi. Alikuwa ameshughulika na tai yake, ameigeuzia uso kamba ya nguo za jirani, anazikagua shuka moja moja kana kwamba anaziona. Nilingoja anitazame. Nilingoja akohoe, ahamishe mguu, afanye chochote. Sufuria ilikuwa nzito mikononi mwangu. Mchongaji akagonga mkebe ukutani.

"Ama nirudi kesho?"

Nikairudisha mchangani.

"Lete mkebe," nikasema.

Nakiri kwamba kifaru yule alichelewa kukauka. Mteja alimchukua Jumatatu na kidole chake kikabaki kimepigwa chapa kwenye pua ya mnyama, na mchongaji amemweleza kila mtu kuanzia Ziwani hadi Mathare kwamba sasa vifaru wetu wanatoka na kitambulisho. Lakini pua ilikauka. Yote ilikauka, ikawa ngumu, ikang'aa.

Mkebe ulipojaa, na mingine miwili iliyoletwa nyuma yake, Mpishi alivua tai. Sikuwa nimewahi kumwona akiivua pale nje. Aliikunja akaitia mfukoni.

"Haya," akasema. "Osha sufuria yako. Mimi nina mizigo ya kufunga."

Nikakaa chini na majivu na msasa. Niliisugua ndani, nikaisugua nje, nikasugua vishikio. Nilipoona uso wangu unanitazama kutoka chini yake, niliona pia doa dogo karibu na ukingo, nikaanza upya. Ndani ya nyumba masanduku yalikuwa yanaburutwa sakafuni. Kisha yakanyamaza, na sauti yake ikatoka dirishani:

"Binti! Acha chuma kidogo kibaki!"